Rabi Musa: Tabibu Aliyesali, Msomi Asiyeogopa



 Leo tunatoka kidogo nje ya kalenda ya watakatifu. Tunakwenda kumtembelea Myahudi, tena rabi, mtu ambaye hakuwahi kubatizwa wala hakuwa na hamu hiyo, lakini ukifungua Summa ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino unakutana naye mara kwa mara. Tomaso anamwita Rabi Musa. Jina lake ni Musa bin Maimon, na katika vitabu vingi vya falsafa ameandikwa Maimonides.

Kwa nini yeye? Kwa sababu ya swali linalotufikia sana sisi mafrateri, mara nyingi kwa sauti ya chini baada ya Misa, au kwa ujumbe wa simu usiku: nikiisoma sayansi mpaka mwisho, imani yangu itabaki? Anayeuliza huwa yuko mwaka wa kwanza au wa pili chuoni. Ameanza kuona kwamba ulimwengu una umri mkubwa kuliko alivyodhani alipokuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na moyoni anahisi kama anamsaliti mama yake aliyemfundisha kusali. Swali hilo lina ndugu yake, na huyu ni hatari zaidi: mimi nimeshaombewa, sasa vidonge vya nini? Wa kwanza anaogopa sayansi itaua imani. Wa pili anadhani imani imeshaichukua nafasi ya sayansi, na huyu wa pili wakati mwingine tunamzika.

Rabi Musa aliyajibu yote mawili zaidi ya miaka 800 iliyopita. Na hakuyajibu akiwa amekaa maktabani kwa raha zake.

Mtoto wa mwamuzi wa Córdoba

Alizaliwa Córdoba, kusini mwa Hispania, mwaka 1138 (vitabu vya zamani vinaandika 1135). Baba yake, Maimon, alikuwa mwamuzi katika mahakama ya Kiyahudi, na ndiye aliyemfundisha Torati na Talmud. Sehemu ile ya Hispania ilikuwa chini ya watawala Waislamu, na lugha ya elimu ilikuwa Kiarabu. Kwa Kiarabu kijana huyo alimsoma Aristotle, akamsoma Galen katika tiba na Ptolemy katika elimu ya falaki, akawasoma pia wanafalsafa Waislamu kama al-Farabi. Hebu fikiria: Mgiriki mpagani, akielezwa na Mwislamu, kwa mwanafunzi Myahudi, ambaye baadaye atamfundisha Mkatoliki Mdominiko. Elimu imetembea sana kuliko pasipoti zetu.

Mwaka 1148 mji ulitekwa na Almohad, watawala wakali kutoka Afrika Kaskazini. Wayahudi na Wakristo wakapewa uchaguzi mbaya: kusilimu, kuondoka, au kufa. Familia ikaondoka. Walitangatanga miaka mingi, wakaishi kwa muda Fez nchini Moroko, na mwaka 1165 wakapanda meli kwenda Nchi Takatifu. Huko nako hawakukaa. Hatimaye walitia nanga ya maisha yao Fustat, mji wa zamani ulio ubavuni mwa Kairo, Misri.

Katika kutangatanga huko Musa aliandika ufafanuzi mzima wa Mishnah, mkusanyiko wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, akaumaliza mwaka 1168 akiwa na miaka 30 tu. Mwishoni mwa kitabu anawaomba wasomaji wamwie radhi kwa makosa, maana sehemu nyingine aliziandika akiwa safarini, nyingine ndani ya meli. Ninyi mnaosema hamwezi kusoma kwa sababu bweni lina kelele, mnamsikia?

Mdogo wake baharini

Sasa nawaomba tukae kidogo hapa, maana bila sehemu hii tutamwona Rabi Musa kama sanamu la hekima, na hakuwa hivyo.

Misri familia iliishi kwa biashara ya mdogo wake, Daudi, aliyekuwa mfanyabiashara wa vito. Mkubwa alisoma na kuandika, mdogo akasafiri na kuleta riziki. Ipo barua ya Daudi aliyomwandikia kaka yake kutoka Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu. Imehifadhika kwa namna ya ajabu: Wayahudi hawatupi ovyo karatasi yenye jina la Mungu, kwa hiyo katika sunagogi la Fustat palikuwa na chumba cha kuwekea makaratasi yaliyochakaa, na karne nyingi baadaye shehena ya makaratasi hayo ikapelekwa Cambridge, Uingereza, ambako barua hiyo ipo mpaka leo. Ndani yake Daudi anaeleza jinsi yeye na mwenzake walivyojitenga na msafara wakavuka jangwa peke yao, jambo la kijinga, mwenyewe anakiri. Alipofika Aydhab hakukuta bidhaa ya maana isipokuwa nili, ile rangi ya buluu ya kutia nguo. Kwa hiyo ameamua kuvuka kwenda India. Anamtuliza kaka yake asiwe na wasiwasi.

Meli yake ilizama katika Bahari ya Hindi, bahari yetu hii hii ya kaskazi na kusi. Ilizama na Daudi, na fedha yake, na fedha ya kaka yake, na fedha za watu wengine. Akaacha mjane na binti mdogo mikononi mwa Musa.

Tunajua kilichofuata kwa sababu Musa mwenyewe alimwandikia rafiki yake wa Acre miaka minane baadaye. Anasema aliugua karibu mwaka mzima, yuko kitandani, homa na majipu na akili imevurugika, akakaribia kufa. Miaka minane imepita na bado hajafarijika. Daudi alikua magotini pake, alikuwa ndugu na pia mwanafunzi wake. Kila akiona mwandiko wa mdogo wake, au moja ya vitabu vyake, moyo unapinduka upya. Halafu anasema jambo ambalo ndilo lililonifanya nichague somo hili: kama isingekuwa Torati, ambayo ni furaha yake, na elimu za sayansi, zinazomsahaulisha huzuni, angekwisha kuangamia.

Mmeona amezitaja zote mbili kwa pamoja, katika pumzi moja? Mtu aliyepigwa chini na maisha hana muda wa kupanga maneno mazuri kwa ajili ya mdahalo wa imani na akili. Anataja tu vilivyomshika asizame. Kwa Rabi Musa vilikuwa sheria ya Mungu na utafiti wa kazi za Mungu, na hakuona haja ya kuomba msamaha kwa chochote kati ya hivyo.

Kifo cha Daudi kilimwachia pia swali la tumbo. Familia itakula nini? Angeweza kulipwa kama rabi, lakini alikuwa na msimamo mkali kwamba kufanya Torati kuwa chanzo cha mapato ni kuivunjia heshima. (Sisi tunaojiandaa kuishi kwa altare tunasoma kurasa hizo tukijikuna kichwa. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 9 anatetea haki ya mhubiri kutunzwa, halafu yeye mwenyewe haitumii. Mjadala tuuache kwa siku nyingine.) Akageukia tiba, aliyokuwa ameisoma tangu ujana. Akawa tabibu wa al-Qadi al-Fadil, waziri mkuu wa Sultani Salahuddin, na baadaye tabibu wa al-Afdal, mtoto wa Salahuddin. Ndiyo, ni Salahuddin yule yule aliyeitwaa Yerusalemu kutoka kwa Wakristo mwaka 1187.

Ratiba yake tunaijua. Mwaka 1199 Samuel ibn Tibbon, aliyekuwa kusini mwa Ufaransa akitafsiri kazi yake, alimwandikia kwamba anatamani kuja wajadiliane. Rabi Musa akamjibu: karibu sana, lakini usitegemee kupata hata saa moja na mimi peke yetu. Sultani anakaa Kairo, mimi Fustat, mwendo wa kama kilomita mbili. Kila asubuhi lazima niende ikulu, na kama kuna mgonjwa kati ya watoto au wake au maofisa, siku nzima inaishia huko. Nisipokawia narudi baada ya adhuhuri, nina njaa kali, nakuta sebule imejaa watu, Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa na wadogo, marafiki na maadui. Nashuka kwenye mnyama wangu, nanawa mikono, nawabembeleza wanivumilie nile kidogo, mlo wangu pekee kwa saa 24. Halafu natibu na kuandika dawa mpaka giza liingie, wakati mwingine saa mbili za usiku au zaidi, nikiwa nimelala chali kwa uchovu, sauti imekwisha. Jumuiya yake ilimpata siku ya Sabato tu, baada ya sala ya asubuhi.

Mtu huyo ndiye aliyeandika kitabu cha sheria zote za Kiyahudi, Mishneh Torah, mafungu 14, kitabu kikubwa cha falsafa, na vitabu vya tiba juu ya pumu, sumu, na kanuni za afya. Sijui alilala lini.

Mkate wa mwenye njaa

Turudi kwa mgonjwa wetu aliyeambiwa aache dawa.

Katika mapokeo ya Kiyahudi kuna habari kwamba mfalme Hezekia alikificha kitabu cha tiba, na wahenga wakamsifu. Wafafanuzi wengine walieleza kwamba alikificha kwa sababu watu waliponea dawa wakaacha kumtegemea Mungu. Rabi Musa, katika ule ufafanuzi wa Mishnah, anaukataa ufafanuzi huo kwa hasira, anauita upuuzi. Hoja yake ni rahisi hata mtoto anaishika. Mtu akiwa na njaa akala mkate, njaa ikaisha, je, tuseme ameacha kumtumaini Mungu? Kama namshukuru Mungu ninapokula kwa kuwa ameumba kitu cha kuniondolea njaa, basi nitamshukuru pia ninapotumia dawa kwa kuwa ameumba kitu cha kuniondolea ugonjwa.

Wewe unasali kabla ya ugali, si ndiyo? Na baada ya kusali unakula. Hujawahi kuacha sahani pale ukisema nimeshaombea, nimeshiba kwa jina la Yesu.

Katika Mishneh Torah anakwenda mbali zaidi, na hapa maneno yake ni makali. Mtu anayesomea kidonda aya ya Torati ili kipone, au anayemwekea mtoto mchanga gombo la Torati ili alale, hamhesabu kuwa mcha Mungu aliyezidisha tu kidogo. Anamweka kundi moja na wanaoikana Torati, kwa sababu ameligeuza neno la kuponya roho kuwa dawa ya mwili. Yaani ameshusha thamani ya Neno la Mungu, amelifanya hirizi. Lakini katika sheria iliyotangulia hiyo anaruhusu mtu aliyeumwa na nge asomewe maneno ya kumtuliza, hata siku ya Sabato. Anasema wazi kwamba maneno hayo hayasaidii kitu, ila mgonjwa yuko hatarini na yanamtuliza akili, basi aachwe. Napenda sana huruma hiyo. Tabibu anajua kinachoponya na kisichoponya, na bado hamnyang'anyi mgonjwa anayetetemeka.

Msije mkadhani ninageuza somo hili kuwa hoja dhidi ya sala za wagonjwa. Tunayo Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, na nimeona padri akimpaka mafuta mgonjwa huku dripu ikiendelea kutona. Nesi alisogea kidogo tu, akasali nasi, kisha akaendelea na kazi yake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Sisi Wakatoliki tuna hata andiko la kusimamia, Yoshua bin Sira sura ya 38, linaloagiza mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. (Wayahudi hawakukiweka kitabu hicho katika orodha ya Maandiko yao, lakini tabibu wa Fustat angekubaliana na sura hiyo bila shida.) Kwa hiyo ukisikia mhubiri anamwambia mtu atupe vidonge vyake vya ARV au vya kisukari kama tendo la imani, usinyamaze. Mpeleke ndugu yako kliniki, na mkitoka huko salini rozari pamoja.

Aliposhika kitabu cha sheria, Rabi Musa aliingiza humo mpaka kanuni za afya: usile mpaka ushibe pomoni, acha kama robo ya tumbo, fanya mazoezi kabla ya kula, usijizuie haja. Kwa nini mambo ya choo na chakula yawe ndani ya sheria ya dini? Kwa sababu, anasema, mgonjwa hawezi kumfahamu wala kumtafakari Muumba vizuri. Kuutunza mwili ni sehemu ya njia ya Mungu. Anaahidi hata kwamba atakayefuata kanuni hizo hatahitaji tabibu mpaka uzee. Hapo nafikiri tabibu alijiamini kupita kiasi.

Kilichothibitishwa na kisichothibitishwa

Sasa swali la chuoni. Na hapa nitawaomba mnivumilie, maana shahada ya falsafa ina tabia ya kujitokeza.

Rabi Musa alikuwa na mwanafunzi, Yosefu bin Yehuda, kijana kutoka Magharibi aliyekuja Misri kusoma kwake hisabati, falaki na mantiki. Alikuwa na akili na haraka. Alikuwa na imani, alikuwa amesoma sayansi, na vitu viwili vikaanza kugongana kichwani. Alipohama, mwalimu wake alimwandikia kitabu na kukituma sura kwa sura. Kilikamilika karibu mwaka 1190. Jina lake kwa Kiswahili tunaweza kusema Mwongozo wa Waliotatizika. Mwandishi anaeleza ni nani hao: watu wa dini kweli, wenye tabia njema, ambao wamesoma falsafa na sasa wamekwama. Wakifuata akili, wanaona kama wameitupa Torati. Wakishika maana ya juu juu ya maneno ya Torati, wanaona kama wameizima akili na bado moyo unauma. Ukijiona humo, ujue kuna mtu aliandika kitabu kizima kwa ajili ya rafiki mmoja tu wa aina yako.

Mfano wake mkubwa ni hoja ya Aristotle kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo, umekuwepo siku zote. Biblia inafungua kwa kusema Mungu aliumba. Tufanye nini? Ungetegemea rabi aseme: Biblia imesema, kesi imefungwa. Hasemi hivyo. Anasema simkatai Aristotle kwa sababu ya maneno ya Torati. Maandiko yanayosema ulimwengu uliumbwa si mengi kuliko yanayosema Mungu ana mkono, ana jicho, anashuka, na hayo yote tumeyafafanua kwa mafumbo kwa sababu imethibitishwa kwamba Mungu si mwili. Milango ya ufafanuzi haijafungwa. Kama Aristotle angekuwa amethibitisha hoja yake, ningeweza kuyafafanua na maandiko ya uumbaji vivyo hivyo. Lakini hajathibitisha! Rabi anapitia hoja moja baada ya nyingine na kuonyesha kwamba zinaegemea upande mmoja tu, hazifungi mjadala. Anaongeza sababu ya pili: ulimwengu wa Aristotle, ambapo kila kitu kinatoka kwa Mungu kwa lazima na hakuna kinachoweza kubadilika, hauachi nafasi ya miujiza wala ya Torati yenyewe. Kitu ambacho hakijathibitishwa hakiwezi kupewa haki ya kung'oa msingi mkubwa namna hiyo.

Tazama ujasiri wake ulipo. Haogopi kusema "ikithibitishwa nitakubali". Na haogopi kumwambia mwanafalsafa aliyemheshimu kuliko wote "hapa hujathibitisha". Vijana wengi ninaokutana nao wana nusu moja tu ya ujasiri huo. Wengine wanakataa hata kilichothibitishwa, wanabishana na visukuku. Wengine wanameza chochote kinachosemwa na mtu mwenye koti jeupe kwenye video, hata anapotoka kwenye maabara na kuanza kutoa hukumu juu ya Mungu, jambo ambalo darubini yake haijawahi kulipima.

Aliitumia kanuni hiyo pia kwa utabiri wa nyota. Marabi wa kusini mwa Ufaransa walimwuliza kuhusu unajimu, nao ulihesabiwa na wengi kuwa sayansi wakati ule. Aliwajibu kwamba mtu asikubali jambo ila kwa njia tatu: uthibitisho wa akili kama katika hisabati, kile ambacho milango ya fahamu imekishika, au kilichopokelewa kutoka kwa manabii na wenye haki. Unajimu hauna hata moja. Aliwaambia kwamba amesoma vitabu vyake vingi mno, na ni ujinga. Lakini elimu ya falaki, ya kupima mwendo wa nyota, hiyo aliiita sayansi ya kweli na akaitumia ndani ya sheria za dini kukokotoa mwandamo wa mwezi. Vitabu vya hesabu hizo vimeandikwa na Wagiriki, anasema, lakini jambo likishakuwa na uthibitisho usio na dosari, haijalishi limetoka kwa nabii au kwa mtu wa mataifa. Dada yangu unayefungua simu kila asubuhi kuangalia nyota yako imesemaje kabla ya kufungua masomo ya Misa, rabi wa karne ya 12 anakusalimia.

Baadhi ya sayansi yake imeshapitwa, hilo tuseme wazi. Aliamini magimba ya mbinguni yaliyo hai, na tiba yake ilisimama juu ya Galen. Ila hata Galen alimpinga mahali alipoona amekosea, na kuhusu mbingu alikiri kwamba hesabu za wanafalaki hazipatani na fizikia ya Aristotle, na kwamba ukweli wake hajaupata. Kukiri huko kunanipa imani na mengine aliyoyasema.

Kutoka Fustat mpaka Tomaso

Alifariki Fustat mwezi Desemba mwaka 1204. Mwongozo ukatafsiriwa kwa Kiebrania, halafu kwa Kilatini, ukawafikia Wadominiko. Tomaso wa Akwino aliposhika swali la mwanzo wa ulimwengu, katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 46, alifundisha kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulianza. Hilo tunalijua kwa imani. Akatuonya tusilete hoja dhaifu kutetea imani, tusije tukawapa wasioamini sababu ya kutucheka. Huoni alama ya Rabi Musa hapo? Hawakukubaliana katika yote. Swali la 13 Tomaso anampinga wazi: Rabi Musa alifundisha kwamba tukisema Mungu ni mwema, kimsingi tunasema tu kile ambacho Mungu sicho, Tomaso anasema hapana, tunasema kitu cha kweli juu yake, japo kwa upungufu. Wanabishana kama watu wanaoheshimiana, na mmoja alikwisha fariki kabla mwenzake hajazaliwa.

Nisiwafiche upande mwingine. Watu wa dini yake mwenyewe walimwogopa. Mwaka 1232 marabi kadhaa wa Ufaransa walipiga marufuku kazi zake za falsafa, na mwaka 1305 huko Barcelona jumuiya ya Kiyahudi ilikataza vijana wa chini ya miaka 25 kusoma vitabu vya falsafa ya Wagiriki. Wengi wenu mngeguswa na amri hiyo. Na upande wetu Wakristo kuna doa zito zaidi: katika miaka ya 1240, mjini Paris, magari yaliyojaa nakala za Talmud yalichomwa moto hadharani. Tomaso alifika Paris kusoma katika muongo huo huo. Katika mji ambao vitabu vya watu wa Rabi Musa vilichomwa, yeye alikaa akamsoma rabi wao kwa makini na kumtaja kwa jina. Ndugu zangu, jambo hilo lilihitaji moyo.

Kwa ajili ya sala zetu za juma hili nachukua jambo moja kutoka sura za mwisho za Mwongozo. Anatoa mfano wa mfalme ndani ya ikulu. Wapo wanaompa mgongo, wapo wanaozunguka ukuta wakitafuta mlango, na anayejifunza elimu ya viumbe tayari ameingia ukumbi wa mbele. Kisha anakuja kwenye sala: ukisali kwa midomo huku ukigeukia ukutani na kuwaza biashara yako, umefanya kazi ya mikono tu, kama mtu anayelima au kupasua kuni. Ushauri wake ni wa kitabibu kabisa, hatua kwa hatua. Sali sala nzima ukiwa umeondoa mawazo mengine, usiridhike na mstari wa kwanza tu. Ukishazoea kwa miaka, songa mbele kidogo.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutaendelea na swali la 13 na huo ubishi kuhusu majina ya Mungu. Kabla ya hapo someni Yoshua bin Sira 38:1-15, Hekima 13:1-9, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 159. Wanaosoma udaktari, famasia na uuguzi, naomba mtuandikie mnavyosali kabla ya kuingia zamu.